Maswali ya Wasomaji: Tazama Mikono

Toleo lililopita niliwaomba mniulize lolote kuhusu mapenzi katika picha na sanamu. Barua zimekuja nyingi, na nyingine nimezisoma mara mbili kabla sijathubutu kujibu. Nimechagua tano. Waliosoma kwangu chuo cha ualimu watajua mapema nitakakowapeleka, maana miaka yote niliyofundisha sanaa nimeng'ang'ania jambo moja: ukitaka kujua kama msanii ameyaelewa mapenzi, achana kwanza na midomo na macho, tazama mikono. Wa kwanza ni kijana anayejiandaa kuoa.

Mwalimu, shikamoo. Mchumba wangu amenunua Kariakoo picha kubwa ya mwanamume na mwanamke waliojifunika nguo ya dhahabu, wanabusiana. Anataka tuitundike sebuleni tukishaoana. Mimi kila nikiitazama naona yule dada hana raha. Kaka yangu ananicheka, anasema sijui mapenzi. Nani aliichora, na je, yule mwanamke anapenda au analazimishwa? – Kijana, Ilala

Marahaba, mwanangu. Kaka yako asikucheke, umetazama vizuri kuliko wengi wanaoinunua.

Picha hiyo inaitwa Busu. Aliichora Gustav Klimt huko Vienna, Austria, kati ya mwaka 1907 na 1908. Ile yenyewe ni mraba wa sentimita 180 kila upande, na ipo katika jumba la Belvedere mjini humo. Dhahabu unayoiona ni dhahabu kweli, karatasi zake nyembamba zimebandikwa juu ya picha. Baba yake Klimt alikuwa fundi wa kutia nakshi kwenye dhahabu, na mwaka 1903 Klimt mwenyewe alikwenda Ravenna, Italia, akaona kuta za makanisa ya kale zinavyong'aa kwa mozaiki, yaani picha za vipande vidogo vilivyopangwa ukutani. Serikali ya Austria iliinunua picha hiyo maonyeshoni mwaka 1908 ikiwa hata haijakamilika.

Sasa tuitazame. Uso wa mwanamume hauonekani, umeinama, tunaona shingo na kisogo. Nguo yake imejaa vipande vya pembe nne, vyeusi na vyeupe. Ya mwanamke imejaa duara na maua. Amepiga magoti ukingoni kabisa mwa bustani, na vidole vya miguu yake vimekunjwa kuushika ukingo, kana kwamba ardhi imeishia hapo. Mwanamume amemshika kichwa kwa mikono miwili. Mwanamke mkono mmoja ameuzungusha shingoni mwa mwanamume, lakini vidole vimekunjwa, havikutulia. Mkono wa pili umegusa mkono wa mwanamume. Anauvuta au anauondoa? Watu wamebishana kwa zaidi ya miaka 100.

Mimi naona mwanamke aliyekubali na bado anaogopa. Kupenda kwa mara ya kwanza kuna woga wake, na sidhani Klimt alitaka kuuficha, ndiyo maana akamweka ukingoni badala ya katikati ya maua. Itundikeni. Ila kabla ya msumari kuingia ukutani, keti na mchumba wako mbele ya picha, mwambie unachokiona, kisha mwulize yeye anaona nini katika ile mikono. Msikilize mpaka amalize.

Mwalimu, mimi ni mke wa mtu, na mume wangu alipata kiharusi, upande wa kulia umekufa. Namwogesha, namlisha, namgeuza kitandani ili asipate vidonda. Ndugu zangu wananihurumia kama vile ndoa yangu imekwisha. Picha zote za mapenzi ninazoziona ni za vijana wenye viungo vizima. Je, yupo msanii aliyewahi kuonyesha mapenzi ya watu kama sisi? – Mke wa Mtu, Tanga

Pole sana, dada yangu, na pole kwa shemeji. Yupo. Alikuwa Mwafrika, na kazi yake ina zaidi ya miaka 4,000.

Huko Giza, Misri, karibu na mapiramidi, lilifukuliwa kaburi la mtu aitwaye Seneb. Alikuwa mkubwa katika nyumba ya mfalme, tena kuhani. Alikuwa pia mtu wa kimo kifupi sana, mwenye kichwa na kiwiliwili cha kawaida, na mikono na miguu mifupi. Kaburini kulikuwa na sanamu ya mawe ya chokaa iliyopakwa rangi, ambayo haifiki nusu mita kwenda juu, yeye ameketi na mkewe Senetites. Sasa iko kwenye makumbusho mjini Cairo.

Sanamu za wakubwa wa Misri zilikuwa na kanuni. Mume huketi wima, miguu imeteremka mpaka chini, mikono juu ya mapaja. Mchongaji angeweza kumrefusha Seneb miguu, na nani angemwuliza? Hakufanya hivyo. Amemkalisha Seneb juu ya kiti amekunja miguu yake mifupi, kama tunavyokaa mkekani, na pale chini ambapo miguu ya mume mwingine ingeteremka amewasimamisha watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, kila mmoja na kidole mdomoni kama Wamisri walivyozoea kuwaonyesha watoto. Mahali ambapo mtu angetafuta kasoro amekuta uzao.

Na Senetites? Mkono mmoja ameupitisha nyuma ya mabega ya mumewe. Wa pili ameuweka kwenye mkono wake. Ana tabasamu dogo. Hajainama kumhurumia, wala hajatazama pembeni. Amemshika mume wake.

Nakuongezea wengine, kwa kuwa barua yako imenikaa moyoni. Huko Italia kabla ya Warumi kutawala waliishi Waetruski. Katika makaburi yao ya Cerveteri ilipatikana mwaka 1881 sanamu ya udongo wa kuchoma, ya mume na mke wamejinyoosha pamoja kwenye kitanda cha karamu. Ni ya miaka ya 500 na kitu kabla ya Kristo. Mume yuko nyuma, mkono wake uko begani kwa mke, na mikono yote minne imeinuliwa katikati ya maongezi, vidole vimepinda kama watu wanaopeana kitu. Na kitanda hicho ni jeneza lao. Waliozikwa wameonyeshwa wakiendelea kuzungumza.

Lakini ile ninayotaka uitafute hasa ni ya Mholanzi Rembrandt. Watu huiita Bibi Harusi wa Kiyahudi, ingawa wataalamu wengi wanaona ni Isaka na Rebeka wa kwenye Biblia. Nilipomtembelea binti yangu Uholanzi nilikwenda kuitazama kwenye makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Mkono wa shati ya mwanamume ni wa rangi ya dhahabu, na rangi imepakwa nene kiasi kwamba imesimama kama lipu mbichi, unaona mahali kisu kilipopita. Nguo ya mwanamke ni nyekundu. Wala hawatazamani! Kila mmoja macho yake yameenda mbali kidogo. Mwanamume ameweka kiganja kifuani mwa mwanamke, taratibu, bila kubana. Na mwanamke amenyanyua mkono wake, ncha za vidole zimegusa mgongo wa kile kiganja. Ni kama anasema, nimejua upo hapa.

Nilisimama pale mpaka binti yangu akanivuta. Vincent van Gogh, ambaye naye alikuwa mchoraji mkubwa, aliiona mwaka 1885, akamwambia rafiki yake kwamba angetoa miaka 10 ya maisha yake apewe nafasi ya kukaa mbele ya picha hiyo kwa siku 14, akiwa na kipande cha mkate mkavu tu.

Rembrandt alipoichora hakuwa kijana. Mkewe Saskia alifariki mwaka 1642. Mwaka 1656 alifilisika, nyumba na vitu vyake vikauzwa. Hendrickje, aliyeishi naye baadaye, alifariki mwaka 1663. Aliyeuchora mguso ule alikuwa mzee ambaye hakubakiwa na mtu wa kumgusa hivyo.

Kwa hiyo ndugu zako wakija kukuhurumia, waonyeshe Senetites. Steshenari yoyote yenye printa ya rangi itakutolea picha ya ile sanamu. Itundike upande ambao shemeji anaweza kuiona akiwa amelala. Na mkono wake wa kushoto, ambao bado unafanya kazi, uache ukushike unapomgeuza.

Mwalimu, tunabishana hosteli. Mwenzangu anasema wazee wetu Afrika hawakuwa na sanaa ya mapenzi, kwamba walichonga mizimu na vitu vya matambiko tu, mapenzi tumeyaona kwenye picha za Wazungu. Nimjibu nini? – Mwanafunzi, Makerere, Kampala

Umeshaona Seneb hapo juu, huyo peke yake anatosha. Lakini mwenzako amelala juu ya hazina, maana jibu liko chuoni hapohapo mnapobishana.

Sam Ntiro alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, akasoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, akaendelea chuo cha sanaa cha Slade, London, na baada ya Uhuru akawa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ni mali ya Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Mchagga huhitaji kumweleza kwa nini hiyo ni picha ya mapenzi. Mbege, ndiyo hiyo pombe ya ndizi, haipikwi na mtu mmoja kwa saa moja. Ndizi huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi huoteshwa, husagwa, hupikwa uji, msesewe, gome la mti lenye uchungu, hutiwa kwa kipimo. Wanawake wamechoka hapo, na wanaume wamebeba mzigo gizani, wote kwa ajili ya binti mmoja anayeolewa. Klimt amewaweka wawili peke yao mwisho wa dunia. Ntiro amewaletea ukoo mzima. Mapenzi ya kwetu yana mikono mingi, na ndiyo maana mtu anayetafuta busu katika sanaa yetu anarudi akisema hakuona kitu.

Nenda sasa kwa Wadogon wa Mali. Ipo sanamu yao ya mti ya mume na mke walioketi, nayo iko New York katika jumba la Metropolitan. Mume amezungusha mkono shingoni mwa mke, kiganja kimeshukia kifuani kwake. Ukizunguka nyuma unakuta mume amebeba podo la mishale mgongoni, na mke mgongoni amebeba mtoto. Yule anayelinda na yule anayelea, wamechongwa katika gogo moja. Hiyo si sanaa ya mapenzi?

Vinyago vya Wamakonde vya mtindo wa ujamaa mmeviona. Pale Mwenge, Dar es Salaam, vipo vya kila kimo, vya mpingo, watu wamepanda juu ya watu, wazee, akina mama, watoto. Watalii hununua na kuondoka. Wewe siku ukipata nafasi fanya hivi: chagua mkono mmoja, uone umemshika nani, halafu yule aliyeshikwa amemshika nani, ufuate hivyo mpaka juu. Katika kinyago kilichochongwa na fundi kweli hutakuta mkono usio na mtu.

Na kama anasema mapenzi lazima yaandikwe ndipo aamini, mwambie habari za Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate. Takriban mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi mrefu wa kumuusia maisha ya ndoa na dini. Anamwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha anamwita asogee na wino na karatasi, ana maneno moyoni. Wapo wasiopendezwa na baadhi ya mausia yale, hasa yanayomtaka mke amnyenyekee mumewe, nami nawaelewa. Lakini mama anayejua anakufa, akatumia nguvu zake za mwisho kumwachia binti yake kitu cha kushika, sijui tumwite nani kama si mtu anayependa.

Kanga nitaiachia ukurasa wake siku nyingine. Mama yangu alizihifadhi sandukuni zile alizopewa, na alijua kila moja imetoka kwa nani na kwa shughuli gani.

Mwalimu, kila picha ya mapenzi ya mzazi ni mama na mtoto. Sisi akina baba hatupendi? Kijana wangu aliondoka nyumbani tukiwa tumegombana, sasa yuko Songea, hatujazungumza muda mrefu. Nikiona hizo picha naona kama dunia imetuhukumu. – Baba, Mbeya

Kaka yangu, ni kweli akina mama wamechorwa zaidi. Lakini picha kubwa kuliko zote ninazozijua za mapenzi ya mzazi ni ya baba.

Ni ya Rembrandt tena, ya miaka yake ya mwisho, na ipo katika makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg, nchini Urusi. Ni habari ya mwana mpotevu, Luka sura ya 15. Picha ni kubwa kuliko mlango, zaidi ya mita mbili na nusu kwenda juu. Kijana amepiga magoti, kichwa kimenyolewa, uso ameuzika kifuani kwa baba yake. Ametupa mgongo kwetu. Kiatu kimoja kimemvuka, tunaona unyayo uliochakaa. Baba ameinama, macho yake yanaonekana hayaoni vizuri tena. Mikono yote miwili ameiweka mgongoni mwa mtoto. Na mikono hiyo haifanani. Mmoja ni mpana, vidole vimetanuka, umebana. Mwingine ni mwembamba, umetulia kwa upole. Wako wanaosema Rembrandt amempa baba huyo mkono wa baba na mkono wa mama. Mimi sioni haja ya kumwazima mama. Baba ana mikono yote miwili hiyo, ule wa kumshika mtoto asianguke na ule wa kumtuliza, ila wengi huwa wanautumia mmoja tu.

Pembeni amesimama mtu mrefu ambaye kwa kawaida huchukuliwa kuwa kaka mkubwa. Amevaa vizuri. Mikono yake ameikutanisha juu ya fimbo. Haimgusi mtu.

Rembrandt alijua uzazi unavyouma. Yeye na Saskia walizika watoto watatu wachanga. Wa nne, Titus, alikua, akamfia baba yake mwaka 1668, na mwaka uliofuata Rembrandt naye akafariki.

Nataka nikupe na nyingine, ngumu zaidi, na nina sababu. Käthe Kollwitz alikuwa mchoraji na mchongaji wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1867. Mumewe Karl alikuwa daktari aliyetibu maskini wa Berlin. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, kijana wao Peter, wa miaka 18, alitaka kujiandikisha jeshini. Kwa umri wake alihitaji ruhusa ya baba. Karl alikataa. Käthe akamwombea kijana, na Karl akakubali. Oktoba mwaka huohuo Peter aliuawa Ubelgiji.

Mama huyo alianza mwaka uleule kutengeneza ukumbusho wa mwanawe. Akauacha, akaurudia, akabomoa, akaanza upya. Ulikamilika mwaka 1932. Peter aliishi miaka 18, na jiwe lake lilichukua miaka 18.

Kutoka Uholanzi, binti yangu alinipeleka kuuona kwenye makaburi ya Vladslo, hukohuko Ubelgiji, ambako wamelala zaidi ya askari 25,000 wa Kijerumani. Mawe yako chini, bapa, kila moja na majina mengi. Mwisho wa uwanja wamepiga magoti baba na mama wa jiwe, kila mmoja juu ya msingi wake, wametenganishwa. Mama ana sura ya Käthe mwenyewe, ameinama mpaka amekuwa kama mzigo. Baba amechukuliwa kwa Karl. Magoti yako chini lakini mgongo umenyooka, na anatazama mbele, upande ambao jina la Peter limechongwa. Mikono yake amejikumbatia nayo kwa nguvu, kila kiganja kimejificha upande wa pili wa mwili. Nilizunguka kumtafuta vidole. Amejibana kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Nimeona sanamu nyingi za huzuni ya mama. Ya baba, ya namna ile, sijaona nyingine.

Sababu yangu ni hii. Yule baba amejishika mwenyewe kwa kuwa hana tena wa kumshika. Wako yuko Songea, ana simu. Usimtumie mjumbe, usimpitishie mama yake, na usianze na nani alikosea. Mpigie leo jioni, umwulize kama amekula.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 14. Nataka kumchora mama yangu nimpe siku yake ya kuzaliwa, lakini sura inanishinda, nikimaliza anafanana na mtu mwingine. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Mombasa

Marahaba mwanangu. Usianze na sura. Mchore mikono.

Kuna mchoraji wa Marekani aitwaye Mary Cassatt, aliyeishi na kufanya kazi Ufaransa kwa miaka mingi, akafariki hukohuko mwaka 1926. Yeye hakuwa na mtoto, na hakuna aliyewachora watoto na walezi wao vizuri zaidi. Mwaka 1893 alichora mtoto wa kike anaogeshwa miguu kwenye beseni. Picha ipo Chicago. Mwanamke amevaa gauni la mistari, amempakata mtoto, mkono mmoja umemzunguka kiunoni asiteleze, wa pili uko majini umeshika mguu mdogo. Mtoto naye amekaza mkono wake mmoja kwenye goti la mwanamke ili asianguke. Sura zao zimeinama, hazionekani sana. Na bado hakuna anayeitazama akashindwa kujua kinachoendelea.

Mchongaji Mfaransa Auguste Rodin mwaka 1908 alikwenda mbali zaidi, akachonga mikono miwili tu, imeinuliwa, inakaribia kugusana. Akaiita Kanisa Kuu. Ukiitazama kwa makini utagundua yote miwili ni ya kulia, maana yake ni ya watu wawili. Mjaribu na mama yako muone ilivyo, mkono wako wa kulia na wake wa kulia.

Sasa kazi. Tafuta penseli laini, 2B inatosha, na karatasi isiyo na mistari. Subiri mama akae kwenye kazi anayoifanya kila siku, iwe kukuna nazi au kuchambua mchele, maana mkono wenye kazi haujikazi kama mkono unaojua unachorwa. Usichore kidole kimojakimoja. Anza na kiganja, ukione kama umbo moja la pembe, halafu vidole vinne kwa pamoja kama bapa moja lililopinda, kisha kidole gumba peke yake. Hapo ndipo uanze kuvitenganisha. Chora na nafasi zilizo wazi kati ya vidole, zina maumbo yake, na zikikaa sawa vidole navyo vitakaa sawa. Vifundo viweke mwisho. Pete, bangili, kovu la moto wa jikoni, mstari wa hina uliobaki kwenye kucha, usiache hata kimoja, kwa hivyo ndivyo atakavyojitambua.

Fanya kadhaa, usichague ya kwanza. Ukipata inayokupendeza andika tarehe nyuma, umpe. Kisha ipige picha kwa simu, utume hapa kwetu, nikuambie vidole vipi vimekaa na vipi urudie.